Kumfundisha Mkwe Kubonyeza Kichwa

Mimi si mtu wa kutulia. Mke wangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali, na hajakosea. Kazi yangu ya ushonaji nayo hainisaidii. Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Mwankoko nzima hukumbuka siku moja kwamba watoto wao hawana sare, na wote wanazitaka kesho. Nainama kwenye cherehani barazani tangu asubuhi, shingo inakaza, na ikifika saa nane kichwa kinaanza kunibana kutoka kisogoni hadi kwenye paji, kama mkanda unaokazwa tundu baada ya tundu.

Nilimeza vidonge mpaka tumbo likalalamika. Mwisho nikaenda hospitali mjini, nikapelekwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko wanangu. Alinipima, akaniuliza maswali mengi, akasema kichwa changu ni cha misuli iliyokaza tu. Halafu akanifundisha kubonyeza. Vishimo viwili vya kisogoni, chini ya mfupa wa fuvu, kwa vidole gumba. Katikati ya nyusi. Juu ya bega, pale panapouma zaidi. Na mkononi, ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada: unaibana, unapumua taratibu, dakika mbili, kisha unahamia mkono wa pili.

"Si kwa hasira, baba," aliniambia, maana nilikuwa nabana kana kwamba mkono umenikosea.

Tulikuwa wagonjwa kadhaa mle chumbani, na nilisikia kwamba kabla hajamwonyesha mwanamke yeyote ile sehemu ya mkononi, alimuuliza kwanza kama ana ujauzito. Mwenye mimba, alisema, hapo apaache, maana panaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Hilo halikunihusu, likaingia sikio moja likatokea la pili. Au nilidhani hivyo.

Dakika mbili za kukaa kimya kwangu ni adhabu. Lakini kichwa kililegea, si kwamba kilipona, kililegea tu, na siku ikaweza kuisha. Basi nikawa mhubiri. Kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno aliondoka amebonyezwa shingo, ametaka hajataka.

Mwezi huo mke wangu alikuwa Mkalama akimuuguza mama yake, na mwanangu alikuwa Mitundu kwenye biashara ya mahindi. Nyumbani tulibaki mimi na mke wa mwanangu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mkono. Anaweka chakula juu ya stuli, anarudi nyuma, ndipo mimi nakisogelea. Tukizungumza, yeye yuko mlango wa jikoni, mimi niko barazani, na kila mmoja anaangalia pembeni. Ni heshima, nimelelewa nayo, na sikuwahi kuiona nzito mpaka siku ile nilipomwona amejifunga kanga kichwani, ameikaza sana.

"Kichwa, baba," alisema nilipomuuliza. "Leo siku ya nne."

Vidole viliniwasha. Angekuwa mteja, ningekuwa nimeshamshika kisogo. Nikavuta kiti hadi katikati ya ua, nikamwambia aketi kwenye kizingiti cha jiko na afuate ninachofanya. Nikabonyeza kisogo changu, naye chake. Nyusi zangu, nyusi zake. Jirani angechungulia angedhani tumepagawa wote wawili. "Shuka chini kidogo, mama," nilikuwa namwelekeza huku nikiutazama mpapai. Kisha nikainua mkono ili nimwonyeshe ile nyama ya kidole gumba, na lile swali la yule dada likanijia.

Nikashusha mkono. Nikamwambia kwa leo inatosha.

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa suruali upande usio wake. Nikafumua, nikashona tena kulekule. Ana mimba au hana? Miaka mitano ya ndoa, na nyumba yetu haikuwa imepata mtoto. Kama ipo, ndiyo ya kwanza, na huenda imejificha nyuma ya hicho kichwa chake, na mimi nipo hapa nagawa dawa nusunusu. Lakini baba mkwe kumuuliza mkwewe jambo hilo, kwetu ni sawa na kumfungulia mlango wa bafu. Nikampigia mke wangu. Huko aliko mpaka apande kilima ndipo apate mtandao. Nikampigia mwanangu. Alipopokea, nikamuuliza bei ya mahindi, naye akanieleza kwa kirefu. Mama jirani angeweza kuniulizia, ila kumwambia yule ni kupiga mbiu. Nikasimama, nikakaa, nikaenda kulizunguka shamba la alizeti nyuma ya nyumba mara mbili bila kuona hata jani. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali, hivyo nikamfokea mbuzi ambaye hakuwa amefanya lolote.

Niliporudi, nilimkuta mkwe wangu ameacha kuosha vyombo. Amejibana ile nyama ya mkononi, macho ameyafumba, anapumua taratibu, hasa kama ninavyofanya mimi.

"Nani kakuonyesha hapo?"

"Nakuonaga wewe, baba, ukiwa kwenye cherehani. Nabonyezaga tangu juzi."

Nikageuka nikauelekea ukuta wa choo, maana kumtazama nisingeweza.

"Mama, nisamehe kwa nitakalouliza. Una ujauzito?"

Nilitamani kuondoka nikaikimbilie barabara.

"Ndiyo, baba. Mwezi wa tatu."

Nikamwambia aache kubonyeza, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka. Nikamwambia ajiandae twende kliniki. Tulichukua bodaboda mbili, yake mbele, yangu nyuma, na njia nzima nilimwambia dereva wangu akimbie, kisha namwambia apunguze.

Kliniki nilikaa kwenye benchi nje ya pazia, nikainuka, nikakaa, mpaka mama mmoja aliyekuwa jirani yangu akahama. Nesi alikuwa na sauti ya watu wenye kazi nyingi, kila neno lilinifikia. Presha nzuri. Damu mwilini imepungua kidogo, na huenda kichwa kinatokana na hapo, lazima atumie dawa na ale vizuri. Kuhusu kubonyeza mkono, hakuona kwamba kumemdhuru, ila aache, na kichwa kikimsumbua tena asikinyamazie nyumbani, aje apimwe. Mtoto anaendelea. Nikashusha pumzi. Nilijisikia mwepesi, nikaanza hata kufikiria nitamshonea nini mjukuu.

"Hii mimba ya ngapi?" nesi akauliza.

Mkwe wangu alijibu kwa sauti ndogo, lakini pazia ni kitambaa tu.

"Ya tatu."

"Watoto wawili wako wapi?"

"Zilitoka."

Nikabaki nimekaa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukaa bila kuinuka. Nikahesabu nyuma. Mara moja niliambiwa ana malaria, amelala. Mara nyingine sikuambiwa kitu. Alikaa ndani siku tatu, mimi nikiwa barazani, hatua kumi kutoka mlango wake, na neno pekee nililosema ni kwamba chai inachelewa.

Akatoka na karatasi yake na vidonge, akasimama mbali nami kama kawaida.

"Pole, mama," nikasema.

Alidhani nampa pole ya kichwa.

"Kinapungua, baba," akajibu.