Mama Hakusema Tafadhali

Laptopu yangu ilijisasisha Jumanne asubuhi nikiwa nimeenda kumkatia ng'ombe nyasi. Niliporudi ilikuwa imezimika na kuwaka tena yenyewe, na kwenye kioo kulikuwa na maneno ya kunikaribisha. Yalisema kwamba programu yangu ya kuandikia sasa ni mpya, kwamba imejua Kiswahili, na kwamba itanisaidia kuandika vizuri zaidi. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule za sekondari kwa miaka ishirini na minane, lakini sikuona ubaya wa kusaidiwa. Nilibonyeza "Sawa" nikaenda kunywa chai.

Wakati huo nilikuwa naandika kitabu cha utoto wangu. Tunaishi Kiplombe, nje kidogo ya mji, mimi na mke wangu. Watoto wameshaondoka, na tangu nistaafu nimejipa kazi hiyo ya kuandika kila asubuhi mpaka saa sita. Kitabu kinamhusu zaidi mama yangu, aliyefariki miaka sita iliyopita. Alikuwa na duka Turbo, kwenye ile barabara ya Webuye. Alifika huko kutoka sehemu za kati za nchi akiwa ameolewa juzi, na Kiswahili alijifunzia nyuma ya kaunta, kwa madereva wa malori na wakulima wa mahindi. Herufi L na R kwake zilikuwa kitu kimoja. Na kila kitu duniani, kiwe viatu, milango au watoto, alikiita "hiyo".

Niliandika maneno yake jinsi alivyoyasema. Programu ya awali ilikuwa ikiyapigia mstari mwekundu, mstari baada ya mstari, na sikujali. Mimi mwenyewe nimepigia watoto wa watu mistari myekundu maisha yangu yote. Niliona ni haki.

Hii mpya haikupiga mstari wowote. Nilidhani imenielewa. Nilijifunza kupiga chapa kwenye taipureta ya shule ya kwanza niliyofundisha, kwa hiyo nikiandika huwa naangalia vidole, siangalii kioo. Nikaendelea hivyo wiki tatu, kurasa arobaini, nikiwa na furaha.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimsomea mke wangu sura mpya. Yeye ni muuguzi, na kwa kuwa kazini wanamwita Sista, na mimi nimezoea kumwita hivyo. Anatoka upande wa ziwa na alimjua mama vizuri sana, kuliko alivyotaka. Nilimsomea mahali ambapo nina miaka saba, nimejificha nyuma ya magunia na mkebe wa sukari, na mama anaingia.

Nikasoma: "Tafadhali, mwanangu, ningependa kujua ni nani aliyekula sukari hii."

Sista aliacha kumenya ndizi.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia ni mama.

"Mama yako alisema tafadhali?"

Nikaangalia kioo. Mimi nilikuwa nimeandika: "Nani amekura hii sukari yangu? Kuja hapa. Weka hiyo kitu chini kabra sijakuona." Nilikumbuka kila herufi. Lakini kwenye kioo mama alikuwa anaongea kama mtangazaji wa redio. Nilirudi nyuma kurasa zote arobaini. Kila mahali alikuwa hivyo. Dereva aliyegonga mlango wa duka kwa lori lake alikuwa ameambiwa, "Ndugu, naomba uwe mwangalifu zaidi." Baba yangu, aliyerudi nyumbani bila baiskeli aliyoondoka nayo, alikuwa ameulizwa kama safari ilikuwa njema.

Jumatatu nilijaribu kurekebisha. Nikiandika "amekura", inakuwa "amekula". Niliandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Nikifika herufi ya mwisho, inageuka. Nilitafuta mahali pa kuizima, nikapata kitufe, nikakizima. Kesho yake kilikuwa kimejiwasha. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano Sista aliniambia kwamba nimeanza kuongea na mashine kwa sauti niliyokuwa nikitumia kwa Fomu Tatu, na kwamba ni vizuri niende mjini kwa fundi.

Fundi niliyeelekezwa ana chumba orofa ya tatu, karibu na soko. Ni mama wa miaka arobaini hivi, mrefu, mkimya. Zamani alikuwa mwanariadha, akifanya mazoezi kambini Kaptagat, mpaka goti likamkatalia. Ukutani ana picha moja ya mashindano, nchi fulani yenye baridi, akiwa wa nne. Sikumuuliza kuhusu picha hiyo. Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi, na mimi nikakaa wa mwisho.

Zamu yangu ilipofika alifungua daftari lake akaniuliza shida ni gani. Nikasema nataka kurudi nyuma.

"Nyuma wapi, Mzee?"

"Toleo la zamani la programu."

Aliniambia kwamba watu huja kwake kwenda mbele. Katika miaka yake yote hajaletewa mtu wa kurudi nyuma, ila mmoja aliyekuwa amekosea mlango. Akataka kujua sababu, maana lazima aandike sababu. Nikamweleza yote kuhusu mama. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaandika kwenye daftari, na kwa kuwa lilikuwa limenielekea nikasoma kwa sauti: "Mama haongei tangu apdeti."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri chaja yake alinipa pole. Akaniambia dada yake alipatwa na hali hiyo hiyo, akapata nafuu kwa mazoezi. Nilimshukuru. Ningeanzia wapi kumweleza?

Fundi aliniambia kwamba kuondoa programu ni lazima nibonyeze mimi mwenyewe, yeye hawezi kuamua mambo ya familia. Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Ikauliza tena, ikanionyesha orodha ya vitu vizuri nitakavyopoteza. Mara ya tatu iliniuliza kwa nini ninaondoka, ikanipa majibu manne ya kuchagua. Hakuna lililonihusu, kwa hiyo nilichagua "Sababu nyingine" nikaandika: Mama yangu hakusema tafadhali. Ikanishukuru. Ikasema maoni yangu yatasaidia watu wengine.

Akaniwekea toleo lililotangulia. Tukaandika ile sentensi ya sukari, na "amekura" ikageuka. Tukashuka lingine. Hapo "amekura" ilipona, lakini "kabra" ikageuka. Kufikia hapo fundi alikuwa ameishika sentensi kichwani na alikuwa anaiandika mwenyewe, kwa haraka, bila kuniuliza. Toleo la tatu nalo liligeuza neno, lakini safari hii alitua baada ya kuiandika, akaiangalia.

"Kabla sijakuona," alisema. "Yaani amekuona tayari, lakini anakupa nafasi."

Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Katika miaka hamsini na kitu sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa naichukulia kama kosa lingine la mama.

Toleo la nne alilitoa kwenye kisanduku cha plastiki chini ya meza, likiwa kwenye sidii iliyoandikwa kwa kalamu. Laptopu yangu haina mahali pa kuingiza sidii, ikabidi apitishe kwa mashine nyingine. Hilo lilikuwa toleo la zamani kabisa alilokuwa nalo. Halikujua Kiswahili hata kidogo. Tulipoandika sentensi ya mama likapiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Nikaandika sentensi yangu mwenyewe, sanifu, ya kufundishia, nayo ikapigwa mstari kila neno. Mimi na mama tulikuwa tumekosea sawasawa. Na halikubadilisha kitu.

Nikamwambia fundi hilo ndilo. Aliniuliza kama nina uhakika, na nikaona kwamba hata yeye kazi ilikuwa imemwingia.

Nilipofika nyumbani niligundua kwamba toleo hilo haliwezi kufungua kitu nilichoandika kwenye lile jipya. Kurasa arobaini zilitoka zikiwa visanduku vitupu na alama za kuuliza. Sikuhuzunika sana. Mle ndani hakukuwa na mama yangu. Nilichokuwa nacho ni kuanza upya kwa kumbukumbu, na kumbukumbu zangu nilizipata zina mashimo.

Sista alivuta kiti. Aliniambia kwamba mimi nilikuwa mtoto wa kiume wa pekee, niliambiwa mambo machache. Yeye alikuwa mke wa mwana, aliambiwa yote. Kwa hiyo kila jioni akitoka zamu alikaa karibu nami akinisemea, kwa sauti ya mama kabisa, na mimi nikaandika. Hapo ndipo nilipopata kujua kilichotokea siku nilipompeleka Turbo mara ya kwanza kumtambulisha. Mimi nilikuwa nimetoka nje kufunga mbuzi. Mama alimwangalia kutoka chini mpaka juu, akawaambia wateja waliokuwepo, "Huyu ni mrefu. Huyu atafikia unga." Unga ulikuwa rafu ya juu. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yake yote, na Sista akanyoosha mkono akautoa unga.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema hakuwahi kuulizwa.

Halafu akaniuliza kama nitaandika na ile siku ya mizani. Nikajifanya sijui anasema nini. Lakini nilijua, na yeye alijua kwa sababu mama alimhadithia mara nyingi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu likizo ya kwanza. Duka lilikuwa limejaa. Mama alimwambia mteja mmoja, "Ngoja nikupimie hiyo maharagwe, mizani imerara." Nikamsahihisha. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti nzuri ya darasani, kwamba ni "hayo maharagwe", na mizani hailali, na hata ingelala, ingekuwa "imelala". Mteja mmoja alicheka.

Mama alifuta mikono kwa aproni. Hakuonekana amekasirika.

"Sawa, mwarimu," alisema. "Sasa wewe uza."

Akaenda akakaa nje kwenye kreti ya soda. Niliuza mchana wote. Sikujua nani huwekewa mafuta ya taa, sikujua nani ana mgonjwa nyumbani wa kuulizwa hali, na yule mizani kweli alikuwa na ugonjwa wake, ukitaka apime sharti umgonge ubavuni. Wateja walikuwa wanachungulia nje wakiuliza, "Mama yuko wapi?" na yeye yuko pale pale, anawaonyesha kwa kidole wanirudie mimi. Saa kumi na moja alirudi ndani, akamgonga mizani, akaendelea na kazi. Hakulitaja tena. Lakini kwa mwezi mzima wa likizo hakuniambia neno hata moja la Kiswahili. Aliongea nami kwa lugha yetu tu, na Kiswahili akawapa wateja.

Sura hiyo haikuwepo kwenye mpango wa kitabu. Niliiandika kwa siku mbili. Nilipomaliza nilikuwa nimeona kwamba ile programu mpya ilikuwa imefanya kazi niliyoianza mimi, ila yenyewe angalau haikuwa na wateja wa kuiangalia.

Mswada ulipokamilika niliutuma Nairobi kwa mhariri, mwanamke mpole ambaye nimefanya naye kazi ya vitabu viwili vya shule. Alinipigia siku hiyo hiyo akisema faili haifunguki, akaniuliza kwa adabu nimeandikia wapi. Nikarudi kwa fundi akanigeuzia faili iwe ya kisasa, nikatuma tena. Baada ya wiki mhariri alinipigia kunipongeza. Alisema jambo lililomgusa zaidi ni upole wa mama yangu, na jinsi alivyokuwa na lugha safi kwa mtu ambaye hakusoma.

Nikamwomba afungue ukurasa wa mizani na kunisomea. Akasoma: "Sawa, Mwalimu. Nakushukuru kwa masahihisho yako. Sasa endelea kuuza."

Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa imemsahihisha mama, alipoifungua faili.

Nilichapisha kitabu chote kwenye karatasi, nikakifunga kwenye bahasha, nikakipeleka kwenye ofisi ya vifurushi. Siku tatu zikapita. Aliponipigia sauti yake ilikuwa tofauti kidogo. Alisema ameanza kusoma akiwa amesimama mapokezi na hajafika mezani kwake mpaka saa ya chakula. Akasema itakuwa kazi, maana kila mtu atakayeufungua mswada kwenye kompyuta, mpaka mpangaji wa kurasa, atamsahihisha mama bila kujua.

Kisha akauliza, "Lile toleo lako, bado lipo?"

Nilimpa namba ya fundi, nikamwambia atapanda ngazi, orofa ya tatu. Akasema hatapanda basi kutoka Nairobi kwa ajili ya programu, atapiga simu. Sijui waliongea nini, lakini wanawasiliana, na mara ya mwisho kurasa nilizoletewa kukagua zilikuwa na "amekura" mahali pake, na "hiyo maharagwe", na unga.

Siku hizi naandika sura ya baba. Baba alikuwa haongei sana, kwa hiyo kazi inaenda haraka.