Awe na Gari Lake Mwenyewe

Carmel wa Victorine, yule binti wa saluni ya pale kona ya Rockey Street, ana shahada ya sheria. Shahada ya kweli, si hizi za kuchapishiwa vichochoroni. Nalisema mapema kwa sababu wale waliokuwa wanamhoji kwa ajili ya kazi hawakujisumbua kumwuliza habari zake.

Kwa asiyejua mambo ya nchi hii: ukimaliza chuo, uwakili bado. Lazima upate wakili akuchukue ofisini kwake miaka miwili, umfanyie kazi huku unajifunza. Huku wanaita articles. Usipopata wa kukuchukua, shahada yako ni pambo la ukutani, na Victorine alishaitundika juu ya kioo cha saluni. Wateja wakisukwa wanaitazama, wanauliza, "Mama Carmel, sasa mutoto anafanya kazi wapi?" Naye Victorine anamvuta mtu nywele kwa nguvu kidogo, anasema, "Iko anatafuta."

Walitoka Lubumbashi Carmel akiwa wa kubebwa mgongoni. Makaratasi ya ukaazi wa kudumu mama yake aliyahangaikia mpaka miguu ikavimba, akayapata. Mtoto amekulia hapa hapa Yeoville, Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu anachanganya na Kizulu na Kiingereza. Mpole, mwembamba, hapendi kelele. Ana tabia moja: akija kwenye kibanda changu cha vitumbua, kabla hajakunywa chai atavipanga vikombe vyote mishikio iangalie upande mmoja. Nikivivuruga, anavipanga tena, haniambii kitu. Watu wa mtaani wakasema huyu na upole huu atamtetea nani mahakamani?

Mwaka 2016 akaanza kuomba. Kampuni moja kubwa ya Sandton ikamwita, jengo zima vioo, utadhani wamejenga kabati la vyombo. Akaenda na sketi ya mama yake iliyopunguzwa kiuno. Kufika, hakuna meza wala maswali. Waombaji wamepewa glasi za juisi wasimame nazo wapige soga, mabosi wanapita katikati kuangalia nani anajua kusimama. Ndio mtihani huo, msicheke. Bosi mmoja akamfikia.

"Likizo huwa mnakwenda wapi na familia?"

"Saluni," Carmel akasema.

"Mnakandwa?"

"Hapana, tunasuka watu. Desemba ndio kuna wateja."

Yule bwana akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mavi ya mbwa na hataki wenzie wajue. Akahamia kwa binti mwingine, aliyekuwa anasimulia habari za farasi wake.

"Farasi?" nilimwuliza Carmel aliporudi. "Farasi wa nini?"

"Wa kupanda tu, Aunty Kidawa."

"Na farasi huyo anasaidiaje kwenye kesi?"

"Eish, sijui. Lakini yule bosi alimpenda sana."

"Alimpenda nani, binti au farasi?"

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya mwisho mwaka ule. Majibu yakaanza kuingia kwenye simu yake, yote yanafanana kama yametoka tumbo moja: tumepokea maombi mengi mazuri, tunakutakia kila la heri. Nyoo! Heri yenyewe wameifungia kwenye vioo.

Basi akashuka kwa ofisi ndogo ndogo. Na huko ndiko nilikojua hawa watu wa sheria akili zao zimekaaje. Matangazo yao yote, ukimwambia akusomee, mwisho lazima ukute: awe na leseni ya udereva na gari lake mwenyewe.

"Wanataka wakili au wanataka teksi?" nikamwuliza.

"Mwanafunzi ndiye anapeleka makaratasi mahakamani, Aunty. Asubuhi Johannesburg, mchana Pretoria, jioni Germiston."

"Kwa hiyo ni tarishi."

"Tarishi mwenye degree."

Yaani mtoto wa msusi awe na gari ili apate kazi, na kazi ndiyo ingempa gari. Kichwa kilichotunga hilo ndicho kinachokwenda kubishana mbele ya jaji, na kinalipwa!

Aliyetutoa hapo ni Mwadini. Mwadini ni Mpemba, anauza kuku mtaa wa Bertrams, wale kuku wagumu ambao wenyeji wanawaita hadibodi. Ana pikapu nyeupe, au iliyokuwa nyeupe, matundu yamefungwa kwa waya nyuma, na harufu yake inafika kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kabla gari lenyewe halijasimama. Alimfundisha Carmel kuendesha kwenye barabara za karibu na uwanja wa Ellis Park, siku ambazo hakuna mpira. Alikuwa anapiga kelele hata mimi nilisikia habari zake. "Mwanangu, breki! Breki ni ile ya katikati, wallahi utaniulia kuku!" Leseni ikapatikana.

"Lichukue wewe," Mwadini akamwambia. "Ijumaa tu nalitaka, nafuata kuku huko mbele ya Pretoria. Siku nyingine mimi na baiskeli yangu."

Victorine alilia pale pale saluni, mteja nusu kichwa kimesukwa.

Sasa tumfikie huyo bwana aliyemchukua Carmel. Jina lake silitaji. Tumwite Bwana Suspenda, kwa sababu alikuwa havai mkanda, anavaa zile kamba za kushikilia suruali mabegani, nyekundu, na tumbo limesukuma mbele kama linataka kufika mahakamani kabla yake. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la matairi. Carmel akaingia na vyeti vyake vimepangwa kwenye faili, kurasa zimenyooka. Bwana Suspenda hata faili hakuligusa.

"Gari liko wapi?"

Carmel akamwonyesha dirishani. Bwana akasimama, akachungulia chini. Pikapu ile imeegeshwa, manyoya yanapepea kwenye matundu.

"Ni hilo?"

"Ndiyo, sir."

"Linawaka?"

"Linawaka."

"Anza Jumatatu."

Huo ndio uliokuwa usaili wa mwanasheria. Fundi wa matairi wa pale chini huwa anamhoji mtu zaidi ya hapo.

Carmel akaanza. Makaratasi ya mahakama alipeleka kweli, lakini alipeleka na suti za bwana kwa dobi, na dawa za mama mkwe wake, na siku moja mbwa wake kwa daktari wa mifugo, mbwa akiwa amekaa kiti cha mbele na ananusa kila kitu kwa furaha. Petroli alimlipa, ila lazima aombwe mpaka aone raha.

Hayo yote Carmel aliyameza. Shida ilikuwa mkataba. Ili ile miaka miwili ihesabiwe, bosi na mwanafunzi lazima watie saini mkataba, upelekwe Chama cha Mawakili kule Pretoria, usajiliwe. Muda uliowekwa ukipita hujaupeleka, siku zote ulizofanya kazi nyuma zinakwenda na maji. Carmel alishauandaa mkataba tangu siku ya kwanza. Kilichobaki ni mkono wa Bwana Suspenda.

"Sir, mkataba."

"Jumatatu."

Ikifika Jumatatu, bwana kichwa kinamwuma. Jumatatu nyingine, kalamu imeisha wino. Wakili mzima, kalamu imeisha wino! Siku moja Carmel akakutana ngazini na kijana wa Soweto aliyekuja kudai vyeti vyake. Ndiye aliyekuwapo kabla yake. Alimwendesha bwana karibu mwaka mzima kwa gari la mjomba wake. Gari lilipokufa, bwana akamwambia kwaheri. Mkataba? Haukuwahi kusainiwa. Hakuna siku hata moja iliyohesabiwa.

Jioni ile Carmel alikuja kibandani, akakaa. Vikombe hakuvipanga. Nikajua kuna msiba.

"Muda unakwisha, Aunty. Zikipita wiki mbili hizi, kazi yote niliyofanya ni bure."

"Mpigie kelele!"

"Atanifukuza. Anasema wako elfu moja wanaitaka nafasi yangu."

"Wenye gari?"

Akaniangalia. Akanyoosha mkono, akageuza kikombe kimoja.

Sikumtuma kitu, na ningejua anachopanga ningemkataza, mimi nina moyo mdogo kuliko mdomo. Haya yaliyofuata alinisimulia Mwadini, huku machozi yanamtoka kwa kucheka.

Ilikuwa Ijumaa. Bwana Suspenda ana kesi Mahakama Kuu ya Pretoria, na Mercedes yake imegoma kwenye geti la nyumbani kwake. Ana maboksi ya mafaili. Teksi ya kuita kwa simu angelipa, na huyo kulipa kulimpa homa. Akampigia Carmel: njoo na gari.

"Leo Ijumaa, sir. Gari lina safari ya kuku. Lakini safari yenyewe inapita Pretoria."

Wakamfuata. Pikapu ina kiti kimoja kirefu: Carmel kwenye usukani, Mwadini dirishani, Bwana Suspenda katikati, gia iko kati ya magoti yake. Kila Carmel akibadilisha gia, bwana anabana miguu kama bibi harusi. Joho lake la mahakamani amelikumbatia kifuani. Maboksi yako nyuma, pamoja na matundu.

"Mwanangu," Mwadini akasema kwa Kiswahili, "mwambie bosi wako apumue tu. Harufu haiui, mimi ninayo miaka na miaka."

Wakaingia Pretoria saa za kazi zimeanza. Jengo la Chama cha Mawakili haliko mbali na mahakama. Carmel akafika hapo, akaweka pembeni, akazima gari, akatia funguo mfukoni. Akatoa mkataba kwenye faili, kurasa zimenyooka kama kawaida yake, akaulaza juu ya lile joho.

"Saini, sir."

"Una wazimu? Jaji ananisubiri!"

"Ndiyo, sir. Ni hapo mbele tu."

"Jumatatu, nimekwambia!"

"Hapana."

Mwadini anasema Carmel hakupaza sauti. Alilisema kama anavyoomba sukari. Bwana akageuka kulia, kuna Carmel. Akageuka kushoto, kuna Mwadini, naye Mpemba ana mwili wa kuziba mlango. Mwadini akamwambia Carmel kwamba tairi la kushoto halimridhishi, angependa kulikagua, lakini goti lake leo linauma, kushuka ni kazi.

"Nitakufukuza!"

"Sawa, sir. Nani atakufikisha?"

Bwana Suspenda akatazama saa. Akatazama maboksi yake yaliyopangwa kati ya matundu. Jasho likamtoka, suspenda zikalowa. Akaomba kalamu. Mtu ameishi kwa kusainisha wengine, siku ya kusaini mwenyewe anaomba kalamu kwa muuza kuku! Akatia saini akitumia trei ya mayai kama meza, Mwadini akaweka yake kama shahidi, herufi kubwa kubwa.

Na Carmel hakuwasha gari. Alikwenda kwanza ndani, funguo mfukoni, akawaacha wawili wale wamekaa bega kwa bega. Alipotoka ana karatasi ya kuonyesha mkataba umepokelewa. Ndipo akampeleka bwana mahakamani, akambebea na maboksi. Bwana alipanda ngazi anakimbia, na nyuma ya joho kuna unyoya mmoja mweupe umeshika. Mwadini aliuona.

"Hukumwambia?" nikamwuliza.

"Nimwambie kwa lugha gani, Da Kidawa? Mimi Kizungu changu ni cha kuku."

Kumfukuza hakuthubutu. Mkataba ukishasajiliwa, mwanafunzi ana pa kushtaki, na huyo jamaa alikuwa na mengi asiyotaka yaulizwe. Alimnunia tu, kama mke mkubwa. Carmel akamaliza muda wake, akafanya mitihani, na mwaka 2019 akaapishwa kuwa wakili. Victorine alifunga saluni siku nzima, na kufunga saluni kwa Victorine ni kama mtu mwingine kufunga macho kabisa.

Mwezi uliofuata Bwana Suspenda akatoa tangazo gazetini la kutafuta mwanafunzi mpya. Wakili Carmel mwenyewe ndiye aliyetusomea kibandani, taratibu, chai mkononi: awe na shahada, awe na leseni, awe na gari lake mwenyewe, na gari hilo lisiwe la kubebea mifugo.

Mwadini aliliomba lile gazeti. Amelikata, amelitandika chini ya tundu la kuku, na kuku wanalishughulikia.