Nafasi Moja Mstari wa Mbele

Mume wangu na kaka yangu walicheza raga bega kwa bega miaka mitatu kabla ya kuvunjana. Mume wangu alikuwa mpasua mawe kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji Tororo, Mteso wa Mukuju, mfupi, shingo imeanzia masikioni. Kaka yangu alipakia mizigo stesheni ya reli. Yeye na mimi ni Wasamia wa Busia, upande wa Uganda, ingawa shamba la babu yetu lilikuwa ng'ambo ya mpaka na tulikwenda kulipalilia bila kuulizwa na mtu.

Wazungu wa klabu ya mji ndio waliowafundisha mchezo. Haukuwa upendo, walipungukiwa watu wa kusukuma. Kwenye skramu, pale watu wanane wa huku na wanane wa kule wanapoinama na kugongana mabega kama mafahali, hao wawili walikaa mstari wa mbele, mmoja kushoto na mwingine kulia, wakamshikilia katikati yule wa kuvuta mpira kwa mguu. Kaka ndiye aliyemleta mume wangu nyumbani kwetu mara ya kwanza, jioni ya mechi, nyusi imepasuka. Mama akamwosha kwa maji ya chumvi naye hakukunja hata uso. Mwaka uliofuata nikaolewa. Yeye hakujua Kisamia na mimi sikujua Kiteso, kwa hiyo ndoa yetu iliendeshwa kwa Kiswahili: changu cha shule, chake cha machimboni.

Miaka michache baada ya uhuru zikaja habari kwamba timu ya taifa itakwenda kucheza ng'ambo, kwa ndege. Wateuzi walikuwa wakizunguka kutafuta watu. Walipofika Tororo ilikwisha kujulikana kwamba mstari wa mbele umebaki na nafasi moja tu. Basi wakapanga mechi ya majaribio, jezi nyekundu kwa jezi nyeupe, na wakawatenganisha hao wawili. Kaka akapewa nyekundu, mume wangu nyeupe, tena wakawekwa uso kwa uso, ili kila skramu iwakutanishe.

Asubuhi ya siku ile kaka alikula kwetu. Niliwapikia ugali wa wimbi na nyama ya kukausha, wakala sahani moja wakitaniana.

"Shemeji," kaka alisema, "nikienda huko kwa Wazungu nitakuletea koti."

"Koti ya nini? Mimi nakwenda, wewe nabaki na dada yako, nalea mtoto."

Wakacheka mpaka mume wangu akapaliwa. Mimi nilicheka nao. Nilidhani yeyote atakayekwenda, nyumba ni moja.

Uwanja ulikuwa chini ya mwamba wa Tororo, na watu walijaa mapema. Vijana wa machimbo walisimama upande mmoja, wapakiaji wa stesheni upande wa pili. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nusu ya kwanza ilikuwa raga niliyoizoea: kusukumana, kuangushana, mtu kukanyagwa mkono akaamka akiutikisa. Kila skramu ilipovunjika niliwaona wale wangu wawili wakisaidiana kuinuka. Watu wa machimbo hawakupenda. "Hiyo ni harusi au mchezo?" mmoja alipiga kelele.

Wakati wa mapumziko nilimwona mteuzi mmoja, mtu mnene mwenye fimbo ya kutembelea, akimwendea kaka. Akamshika bega, akamnong'oneza. Kisha akavuka hadi kwa mume wangu, akamshika bega vilevile. Nilifikiri anawatia moyo.

Skramu ya kwanza ya nusu ya pili, nilisikia vichwa vikigongana nikiwa mbali. Skramu ilipoinuka, pua ya mume wangu ilikuwa imelala shavuni, na damu imeshuka hadi kwenye jezi nyeupe. Skramu iliyofuata ni kaka aliyetoka akipiga yowe. Sikio lake lilikuwa limetafunwa, kipande cha chini kinaning'inia. Refa akapiga firimbi, akawaita, akawaonya, akarudi nyuma. Wale wateuzi mezani hawakutikisika. Mnene alikuwa ameegemea fimbo yake, anatabasamu.

Baada ya hapo mpira haukuwa na kazi tena. Ulikwenda kulia, wao wakabaki kushoto wakipigana ngumi wamelala chini. Walitenganishwa, wakarudiana. Niliona kidole cha mume wangu kikitafuta jicho la kaka. Niliona kaka akimshika nywele na kumsugua uso kwenye changarawe kama mtu anayesugua sufuria. Walikuwa kimya wote wawili. Watu wanaogombana hutukanana. Hawa walipumua tu.

Halafu mpira ukaangukia karibu yao, watu wakarundikana, na kaka akaingia kwa goti. Goti likamkuta mume wangu taya. Upande wote wa machimbo ulisema "Uuu!" kwa sauti moja. Alipoinuka mdomo wake ulikuwa wazi na haukufunga. Taya lilikuwa limehamia kando, mate na damu vikitiririka kwa uzi mrefu hadi kifuani.

Hakutoka. Akaenda kwenye skramu hivyohivyo. Nikapiga kelele, "Mtoeni! Taya limevunjika, mtoeni!" Refa hakunisikia, au hakutaka. Wakainama. Kaka alikuwa mbele yake, umbali wa kiganja, anamtazama usoni. Nilimwona akitazama. Kisha akarudisha bega nyuma kidogo, akalileta lote palepale pa mvunjiko.

Sijui nilivyofika katikati ya uwanja. Nakumbuka mtoto akilia mgongoni, na kiatu mkononi mwangu. Nilimpiga kaka kichwani, usoni, kwenye lile sikio lililoning'inia, nikamwita mchawi kwa Kisamia. Hakujikinga. Nyuma yangu vijana wa machimbo walikuwa wamekwisha kuingia, na wapakiaji nao wakaja kuwapokea. Waling'oa miti ya bendera za pembeni wakapigana nayo. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza njugu alikanyagwa na kapu lake. Mtu fulani alinivuta mkono akanitoa, bila hivyo mwanangu asingepona.

Hospitalini walimfunga mume wangu meno ya juu na ya chini kwa waya. Daktari alisema asifungue mdomo mpaka mfupa ushike. Nikawa namnywesha uji mwepesi wa wimbi kwa bua la jani la mpapai, akauvuta kupitia pengo la jino lililokosekana siku nyingi. Alikonda machoni pangu. Usiku aliumwa, akagonga ukuta kwa ngumi kwa kuwa hawezi kulia.

Jioni ile ya mechi, watu wakiwa bado wanaoshwa damu, wateuzi walikuwa wametangaza kwenye baraza ya klabu kwamba nafasi ni ya kaka yangu.

Mume wangu alikwisha kurudi nyumbani ndipo ndugu zake walipokuja kutoka Mukuju. Walikuja kwa baiskeli, wanaume saba wenye fimbo, wameongozwa na kaka yake mkubwa. Huyo hakukaa hata nilipomletea kiti.

"Mke wetu," aliniambia, "ndugu yako navunja mtu wetu kama kuni. Yuko wapi?"

"Yuko Busia kwa mama, anaaga. Shemeji, nakuomba, kaeni mle kwanza."

"Sisi nakula tukirudi."

Wakapanda baiskeli wakashika barabara ya Buteba kuelekea Busia. Mume wangu alikuwa amelala chumba cha ndani. Alitoka, akanitazama, akaashiria mtoto na shuka yangu ya kumbebea. Tulisimamisha lori la saruji lililokuwa likielekea Busia. Dereva alipoona uso ule uliofungwa kitambaa toka kidevuni hadi utosini alitufungulia nyuma tupande. Njia nzima mume wangu alikaa juu ya mifuko, ngumi zimekaza magotini, na mimi sikujua anakwenda kuwazuia ndugu zake au kuwasaidia.

Tulichelewa. Uani kwetu kuku walikuwa juu ya paa na chungu cha maji kimepasuliwa. Mama yangu alikuwa mlangoni na mchi wa kinu, ameuinua, anawaambia, "Anayeingia namtwanga! Nimezaa ndani ya nyumba hii, namtwanga!" Mmoja wao alikuwa amekaa chini ameshika mguu, kwa hiyo nilijua hakuwa akitisha bure. Lakini kaka hakuwa ndani. Alikuwa katikati ya ua, amepiga magoti, shati limechanika, na kaka mkubwa wa mume wangu akimchapa mgongoni. Kila fimbo iliacha mstari. Kaka yangu, ambaye angeweza kumbeba mtu yule kama gunia la pamba, alikuwa ameshika nyasi kwa mikono miwili.

Mume wangu alipita katikati ya ndugu zake akamkamata kaka yake mkubwa mkono ulioinua fimbo. Walisukumana kidogo. Akaipokonya fimbo, akaivunja gotini, akaitupa. Mama akashusha mchi akidhani yamekwisha.

Kisha mume wangu akamgeukia kaka. Akamwinua kwa ukosi wa lile shati, akamsimamisha vizuri, akasubiri mpaka kaka amtazame. Akampiga ngumi moja mdomoni. Nilisikia jino likivunjika. Kaka alianguka chali, akabaki palepale, na mume wangu akaketi chini karibu yake, akihema kwa pua, damu inatoka kwenye vifundo vya vidole. Akawainulia ndugu zake kiganja: basi. Hakuna aliyeongeza.

Kaka ndiye aliyeanza kusema, akitema damu kati ya maneno.

"Yule mteuzi wa fimbo aliniambia, 'Mwenzako ameniahidi atakutoa uwanjani umebebwa. Mtoe wewe kwanza, nafasi ni yako.'"

Mume wangu akageuza kichwa taratibu. Akamwangalia. Akajigonga kifua kwa kidole mara mbili, akanyoosha kidole upande wa Tororo, akaonyesha bega, jinsi lilivyoshikwa.

"Na wewe?" kaka akauliza. "Maneno yaleyale?"

Mume wangu akainamisha kichwa, ndiyo.

Kaka mkubwa alitaka kujua huyo mtu wa fimbo anakaa wapi. Mteuzi huyo alikuwa amekwisha kurudi Kampala, na hata tungempata tungemfanya nini? Alikuwa amesema maneno tu. Mama akaweka maji motoni. Watu wa Mukuju walikula kwetu, yule wa mguu akipakwa dawa na mwanamke aliyemtwanga, na walipoondoka kaka mkubwa alimwachia mama kitoweo cha samaki alichokinunua sokoni. Wanaume wana njia zao za kumaliza mambo. Mimi sikula. Nilimnywesha mume wangu uji, nikamnyonyesha mtoto, sikumtazama kaka.

Akaenda ng'ambo akiwa na pengo na sikio lililoshonwa. Siku ya safari mume wangu alikwenda stesheni kumuaga, mimi nikabaki nikifua. Tulisikia kidogo kidogo: kuna baridi, uwanja ni matope, alicheza mechi mbili, katika ya pili watu wa huko walimkanyaga mbavu mbili zikavunjika, akabaki akibeba mifuko ya wenzake. Mama alilia. Mimi sikulia, na nilijishangaa.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, sanduku mkononi, amepungua. Ilikuwa mchana. Nilisimama mlangoni nikauziba.

"Dada," alisema, "hujambo?"

"Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinidanganye. Skramu ile ya mwisho, uliliona taya lake?"

Aliweka sanduku chini. Nilikuwa nimetayarisha majibu yake yote: damu iliingia machoni, sikujua, ni yule mtu wa fimbo.

"Nililiona," alisema.

"Na bado ukapiga."

"Na bado nikapiga. Nililenga palepale, dada. Siku ile nilitaka kwenda kuliko nilivyompenda."

Ndani mume wangu alikuwa akila, nasikia taya lake likilia ka, ka kwa kila tonge, kama lilivyolia mpaka anazeeka. Likanyamaza.

"Kwa nini ndugu yako nasimama nje?" aliniita. "Watu wawili nacheza, mmoja navunjika. Mimi nakula sikio yake kabla ya taya yangu, wewe hapana ona? Mwache naingia."

Niliona, bila shaka. Nilikuwa nimeona kila kitu siku ile, na nilikuwa nimehesabu upande mmoja tu. Hata hivyo sikumpisha mara moja. Nilimwacha kaka asimame juani mpaka nilipotaka mimi, naye akasimama, hakuliinua sanduku wala hakuomba. Kisha nikasogea kando nikaenda kumletea maji ya kunawa.