Barabara ya Kwenda kwa Mama

Jina la Sponji alipewa na wateja, kwa kazi yake ya kujaza sponji kwenye makochi, na wenye utani wakaongeza kwamba hata tumbo lake alilijaza mwenyewe. Hakununa. Mtu ambaye kila siku anapasua makochi ya watu na kutoa humo vijiko, vitana, hata meno ya bandia, huwa haoni tena cha kumnunisha. Kilichomla moyo kilikuwa kimoja tu: mama yake alikuwa juu ya kilima, yeye chini, na kati yao ngazi za mawe.

Nyumba ya mama ndimo alimozaliwa. Mtoto akitumwa chumvi huko hupanda na kushuka kabla sufuria haijachemka. Lakini Sponji alianguka kutoka kwenye lori akipakia kochi, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo anatembea kwa magongo, tena kwenye tambarare. Mama naye magoti yalishagoma. Aliwahi kushushwa mgongoni kupelekwa hospitali, aliyembeba akateleza, wakaviringika wote wawili, naye akaapa kwamba watakaomshusha tena kwenye ngazi zile ni wale wa jeneza. Vijana wa mtaa walijitolea kumpandisha Sponji kwa machela. Hawakufika hata robo ya njia. Walimtua wakihema, akacheka nao, kisha akaingia ndani akalia.

Simu ilikuwepo, ndiyo. Mpwa wake, binti anayeishi na bibi huko juu, alimwonyesha sura ya mama kwenye kioo. Sponji alisema hiyo ni sawa na kushibishwa harufu ya jiko la jirani. Alitaka kukaa naye kibarazani, amkate kucha za miguu kama zamani, agombezwe kwa kuchelewa kuoa tena. Mwaka wa tatu ulikuwa unapita bila kugombezwa ana kwa ana, na mama wa mtu haongezewi miaka ya mbele.

Ndipo ikaja kampuni iliyotaka kujenga nyumba ubavuni mwa kilima. Barabara ingeweza kupita sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kichochoro chao, kipanuliwe, ipande hadi nyuma ya nyumba ya mama, gari lisimame mlangoni. Ya pili ilikuwa upande wa kiwanda cha mbao, na hiyo ingeishia huko huko. Wenye nyumba za kichochoro ndio waliotakiwa kukubali, maana vibaraza vyao ndivyo vingebomolewa.

Mikutano yote ya kichochoro ilifanyika kwenye karakana ya Sponji. Wapi pengine watu wote wangepata pa kukaa, hata kama kochi ni la mteja na mguu mmoja ni tofali? Tena walikuwa na desturi yao: mwenyeji wa mkutano hatoi hoja wala hapigi kura, asije akasemwa amewanunua watu kwa kiti na maji ya kunywa. Miaka nenda miaka rudi Sponji aliwasikiliza wakibishania taka, mitaro na mbwa wa watu, naye kimya kama kigoda. Hakujali. Safari hii alijali.

Akafanya ujanja. Asubuhi ya mkutano alipaka vanishi kila ubao uliokuwa humo, akatangaza kwamba atakayekaa atanata. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa mwenyekiti wao, akauhamishia mkutano uani kwa fundi cherehani, mjane aliyepakana ukuta na Sponji. Huyo naye aliitaka barabara, na alikwisha kumwambia hivyo waziwazi, apate kuletewa vitambaa mlangoni. Sponji akajikokota hadi huko akijiona mshindi. Alipomkuta mjane huyo akigawa maji ya kunywa ndipo alipozinduka. Mwenyeji sasa alikuwa yeye. Kura aliyojipatia Sponji alikuwa ameichomoa upande wake mwenyewe.

Waliopinga hawakuwa watu wabaya. Muuza mkaa alisema malori yatawajaza vumbi, na yeye mapafu yake yameshakula la kutosha. Mzazi mmoja aliuliza watoto watachezea wapi. Mwingine akasema kilima kikichongwa, mvua itateremkia sebuleni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Sponji akajisemea, kisha akaona haya, kwa kuwa vumbi nalo lilikuwa kweli. Ilipofika zamu yake akasimama kwa magongo.

"Nyie mna haki," alisema. "Vumbi litakuja, na mimi ndiye nitakayelimeza kwanza, niko mwanzo wa njia. Lakini mama yangu yuko pale. Paa lake naliona kila siku nikipiga mswaki. Namtaka mama yangu tu, jamani. Sina hoja nyingine."

Muuza mkaa akatazama chini kwa muda, na mikono ilipoitwa, akanyoosha wake upande wa barabara. Mwalimu akahesabu, akarudia kuhesabu. Kura zilikuwa sawa kwa sawa, na kwa desturi yao zikilingana jambo hubaki lilivyo: barabara haitapita kwao. Alitangaza bila kumtazama Sponji. Fundi cherehani alikuwa ameikalia mikono yake miwili.

"Si ungeniambia?" mjane alimuuliza Sponji watu walipotawanyika. "Ningewafungia geti, wakutane kwingine."

"Niliogopa utaniona mjinga."

"Na sasa nikuoneje?"

Walicheka kidogo, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya.

Sponji alimpigia mama yake kabla hajafika karakanani, akamweleza yote, na vanishi pia. Mama alicheka.

"Ungekuja ningekupikia," mama alisema. "Lakini usilie, mwanangu. Mimi kila asubuhi nikisikia nyundo yako, najua umeamka. Ndiyo maana dirisha la huku silifungi, hata kukiwa na baridi. Siku nyundo ikinyamaza, hiyo ndiyo nitakayoshuka, hata kwa makalio."

Miaka yote hakujua kwamba nyundo yake inafika kule. Karakana ilinuka vanishi mbichi, wala hapakuwa na kazi ya kugusa siku ile. Akaokota kipande cha ubao, akakaa mlangoni akielekea kilimani, akaanza kupigilia misumari. Aliyoimaliza akaing'oa, akaipigilia upya.

Baadaye mpwa wake akapiga simu. Bibi anasema amesikia, apumzike sasa, ataumia mkono.

"Haya," Sponji alimjibu. Akaiweka simu chini, akaendelea kupiga.