Siku Tatu Bila Pikapu

Tarehe kumi na moja mwezi wa pili, siku ya Jumapili, nilimpoteza mume wangu. Aliamka akasema kifua kinambana, akanywa nusu kikombe cha chai, na kabla watu hawajatoka kanisani alikuwa ameshatuacha. Ijumaa tulimtoa mochari Nakuru tukamleta nyumbani Elburgon kwa pikapu yake mwenyewe. Ndugu yake mdogo ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa mbele, na kila tulipopita kwenye matuta nilisikia jeneza likisogea kidogo nyuma ya mgongo wangu, ingawa lilikuwa limefungwa kwa kamba mbili. Sikulia njiani. Nilikuwa nahesabu matuta.

Kwetu, ukiwa na pikapu, wewe ni wa kila mtu. Mtu akihama nyumba, akinunua tangi la maji, ng'ombe wake akishindwa kuzaa, anakuja kwako. Akifiwa anakuja kwako kabla hata ya kumpigia pasta. Hakuna anayelipa. Anaweka mafuta tu, na wengine hata mafuta hawaweki. Sijui ni majirani wangapi ambao mume wangu aliwatoa mochari. Akirudi aliosha nyuma ya pikapu kwa sabuni ya unga, akaacha ikauke, halafu tukapakia miche. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika. Nilimwambia pikapu tuliinunua ya biashara, si ya maiti. Yeye alicheka tu.

"Sasa nimwambie mtu mama yake atembee?"

Biashara yetu ni kitalu cha miche, avokado na sipresi zaidi. Mimi nilikuwa napanda na kumwagilia, yeye anapelekea wakulima, Njoro, Molo, wakati mwingine mpaka Ndabibi. Kuendesha nilijua. Alinifundisha kwenye shamba lililokuwa limevunwa, na leseni ninayo. Lakini baada ya mazishi nilishindwa kupakia. Asubuhi nilibeba kreti ya miche mpaka nyuma ya pikapu, nikasimama, nikaiweka chini. Mvua zikaanza. Wateja wakapiga simu, nikawaambia gari lina shida. Gari halikuwa na shida yoyote. Miche iliyopaswa kuwa imeondoka ikatoboa mifuko, mizizi ikaingia ardhini, na kila siku nikawa naing'oa na kuikata mizizi ili isikwame pale pale. Niliona vizuri kwamba mvua zikiisha kabla sijapeleka miche, mwaka huo hatungekula kutoka kwenye kitalu.

Ndipo nikaamua kuiondoa pikapu na kutafuta fowili, yale magari ya kupanda milima yenye viti ndani mpaka nyuma. Watu wote niliwaambia ni kwa sababu ya mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Magoti yanamsumbua, na barabara ya kwetu mvua ikinyesha ni tope tupu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na sikumwambia mtu. Fowili ina viti na zulia. Nilifikiri hakuna mtu atakayeiangalia akaniomba nimbebee maiti wake.

Fundi wetu wa gari, aliye Nakuru, alimjua mwalimu mmoja mstaafu wa Ndabibi. Huyo mwalimu alikuwa ameanza kulima vitunguu na alikuwa anaiharibu fowili yake kwa magunia. Alitaka pikapu. Magari yetu yalikaribiana umri na thamani, kwa hivyo hakukuwa na haja ya mmoja kumwongezea mwenzake kitu. Tulikutana gereji kwa huyo fundi siku ya Jumatatu. Shemeji yangu, yule aliyeendesha siku ya mazishi, alikuja nami, na tangu nyumbani alikuwa hataki.

"Shem, miche utaiweka wapi?"

"Nitakunja viti."

"Ukunje viti, umwage udongo kwa zulia. Sawa. Na kila ukirudi utaosha gari ama utafua zulia?"

Mwalimu alikuwa anaizunguka pikapu, akigonga bodi kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Imekuwa ikibeba nini hii?"

"Miche," nikasema. Halafu nikaona si vizuri kuishia hapo. "Na maiti, Mwalimu. Imebeba wengi. Wa mwisho alikuwa mume wangu. Afadhali ujue."

"Mathe," fundi akasema polepole, "hiyo si lazima ungesema."

Mwalimu akanipa pole, akanishika mkono. Kisha akasema, "Vitunguu vyangu havitajali. Lakini mke wangu atajali. Tufanye hivi. Tubadilishane siku tatu, kila mtu akajaribu. Ijumaa mje Ndabibi. Roho zikikubali, tunaandikishana."

"Na akipotea na gari?" shemeji akamuuliza fundi, bila kuteremsha sauti.

"Mwalimu? Apotelee wapi? Nusu ya polisi wa Naivasha amewafundisha yeye."

Basi nikarudi Elburgon na fowili.

Sitaki kusema uongo, gari lile lilikuwa tamu. Siku ya kwanza nilimpeleka mama mkwe kliniki Molo. Kuna kidaraja pembeni cha kukanyagia, akapanda mwenyewe, akaegemea kiti, akaangalia nje.

"Hapa mtu anaweza kuzeeka," akasema.

"Umeshazeeka, Mama."

"Nilizeekea pahali pabaya."

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona ya chini, ambapo pikapu huteleza kila mara, fowili ilipita kama hakuna kitu. Nilipofika getini niligundua nimeendesha njia yote bila kusikiliza nyuma.

Siku ya pili nilijaribu miche. Mteja wa Njoro alikuwa ameningoja tangu mvua zianze. Nikakunja viti, nikatandika turubai, nikapanga. Avokado zilikuwa zimerefuka kwa kukaa sana, haziwezi kusimama chini ya paa, kwa hivyo nikazilaza. Robo tu ndiyo iliyoingia. Nilikwenda Njoro mara mbili, na mara zote mbili nilipofungua mlango, miche ilikuwa imelaliana na vichwa vimevunjika. Mteja aliinua mmoja akautazama.

"Mama, hii ni miche ama ni mboga?"

Ile iliyovunjika nilirudi nayo. Ile ambayo haikuwa imepakiwa bado ilikuwa nyingi, imejaa upande mzima wa kitalu.

Siku ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Ng'ambo ya barabara kuna jirani anayeuza maziwa, na mume wake alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimeenda kumpa pole, nikakaa karibu na mlango na kuondoka mapema, kwa sababu nilijua wataniomba gari. Asubuhi hiyo ya kumtoa mochari, kaka wa huyo jirani alikuja kwangu. Alisimama akaangalia pale ambapo pikapu huwa.

"Mathe, pikapu iko wapi?"

"Haipo. Iko Ndabibi. Nataka kuibadilisha na hii."

Alisogea kwenye fowili, akachungulia ndani, akaona viti.

"Aa, basi. Pole kwa kukusumbua."

Akaondoka. Na mimi nikasikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi jikoni nikamimina chai nikaona nimesalimika. Mama mkwe aliuliza ni nani, nikamwambia ni wa ng'ambo, anatafuta pikapu. Akatikisa kichwa tu, akaendelea kuchagua maharagwe.

Chai haikuwa imeisha yule kaka aliporudi.

"Tumepata lori. Lakini dada yangu anasema hawezi kupanda lori na watu. Anauliza kama unaweza kumbeba yeye kwa hiyo yako."

Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu gari ni gari. Liwe na viti au lisiwe na viti, litaombwa.

Nilienda. Mama mkwe aliingia nyuma na wanawake wawili wa kanisa, na jirani akakaa mbele, kando yangu. Tukafika Nakuru, jeneza likapakiwa kwenye lori. Wakati wa kurudi lori lilikuwa mbele yetu, nyuma wazi, na jeneza tuliliona njia nzima. Wale wa nyuma walitaka kuimba, mama mkwe akawaambia wangoje kwanza. Tulipopita Njoro, jirani akaniuliza bila kunigeukia.

"Wewe siku ile ulifanyaje?"

"Nilihesabu matuta."

"Yako mangapi?"

"Sijui. Nilichanganyikiwa hapa Njoro nikaanza upya, halafu nikachanganyikiwa tena."

Akacheka. Kidogo, kwa pua, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa nguvu mpaka akamaliza leso yangu na yake. Mimi nilishika usukani tu. Sikumwambia anyamaze, kwa sababu watu walikuwa wameniambia mimi ninyamaze wakati hata sikuwa nalia. Baadaye kidogo nikamsikia anasema, "Moja." Tulikuwa tumepita tuta. Tukahesabu pamoja mpaka nyumbani. Na hata tukiwa wawili hatukupatana hesabu, yeye akisema ishirini na mimi nikisema kumi na tisa.

Usiku ule sikufikiria sana, nililala. Asubuhi nilipoamka nilijua sitabadilisha. Nilikuwa nimejiambia kwamba ninachoogopa ni nyuma ya pikapu. Lakini nilikuwa nimefuata jeneza kutoka Nakuru, likiwa mbele ya macho yangu kila hatua, na niliendesha vizuri, na nilimfikisha mtu kwake. Bado iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika. Lakini kupakia ningeweza.

Ijumaa tulienda Ndabibi, mimi na mama mkwe. Pikapu ilikuwa imesimama kando ya ghala, imejaa vitunguu. Mwalimu alitoka akitabasamu, karatasi ziko tayari mezani chini ya chupa ya chai ili upepo usizipeperushe. Ilinipa shida kusema.

"Mwalimu, roho haijakubali."

Aliketi. "Gari limekusumbua?"

"Halijanisumbua. Ni zuri kuliko langu. Lakini mimi ni mtu wa miche, na hili ni gari la watu."

"Hiyo ungejua tangu Jumatatu."

"Ningejua. Nisamehe. Sikulitaka gari lako kwa sababu nilizokwambia. Nilikuwa naikimbia hiyo pikapu, na nikasingizia mama mkwe."

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Na magoti yangu?"

"Mama, tutanunua kistuli, uwe unakanyaga."

"Kistuli." Akamgeukia mke wa mwalimu. "Umesikia? Nimeuzwa kwa kistuli." Halafu akanitazama mimi. "Nilijua. Miezi miwili hii magoti hayo yamesemwa zaidi ya yanavyouma."

Mke wa mwalimu alicheka akashika mdomo. "Mimi nilimwambia huyu asizoee hiyo pikapu," akasema. "Tangu Jumatatu anaiegesha chini ya mti kwenye kivuli, fowili hajawahi kuiegesha kivulini."

Mwalimu hakufurahi, na sikumlaumu. Tulishusha vitunguu sote wanne, hata mama mkwe alibeba vya mkononi. Kwa heshima yake alitujazia nusu gunia la kwenda nalo, akasema fundi atamtafutia pikapu nyingine, isiyo na mwenyewe anayeililia. Nilipokea maneno hayo kwa sababu yalikuwa ya haki. Kabla hatujaondoka nilimpigia mteja wa Njoro nikamwambia Jumatatu namletea iliyobaki, na safari hii itakuja imesimama.

Mama mkwe alipanda pikapu kwa kumshika mwalimu bega, akiguna makusudi ili nisikie.

Tulipita Naivasha, tukapita Gilgil. Tulipokaribia njia ya Kariandusi, kando ya barabara kulikuwa na kijana na mke wake na vitu vyao vyote, kitanda kilichofunguliwa vipande, meza, mtungi wa gesi, beseni la vyombo na godoro kubwa lililokunjwa likafungwa kwa kamba. Nguo za kijana zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mgodi wa huko. Alinyoosha mkono, nikasimama.

"Mathe, unafika Nakuru? Mwenye gari ametuacha tangu asubuhi. Tunahamia mtaa wa Free Area."

"Nyinyi tu?"

"Sisi tu, na hivi."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameshaanza kusogeza mkoba wake ili yule msichana apate pa kukaa mbele.

"Egesha vizuri utoke barabarani," akasema, "tusije tukagongwa na malori."

Niliegesha. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua nyuma, nikasukuma vitunguu pembeni kwa mikono. Kijana alikuja akiburuta godoro.

"Wacha, Mathe, ni zito."

Nikashika upande wangu, tukalipandisha.