Mshona Tanga na Boti ya Futi Thelathini na Sita

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akishona matanga ya watu wengine. Cherehani yake ilichimbiwa shimo, katikati ya sakafu ya mbao ya karakana, ili kitambaa kipite sawasawa juu bila kukunjamana. Aliketi humo kutwa, kichwa na mabega tu vikionekana, na kila mtu pale gatini alimwita Fundi. Chombo chake mwenyewe hakuwa nacho. Alipotimiza miaka hamsini na sita alimwambia mumewe kwamba amechoka kuwa mpishi anayelala na njaa.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu ambaye hata kwenye pantoni alichafukwa na tumbo. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, kama wanatafuta boti ya kusafiria au ya mashindano. Hapo ndipo Fundi mwenyewe alipokuwa amekwama. Roho moja ilitaka boti kubwa yenye vitanda na jiko, waende taratibu kisiwa baada ya kisiwa mpaka wajukuu wasahau sura zao. Roho ya pili ilitaka kitu kidogo, chepesi, awaoneshe kazi wale mabwana wa mashindano ya Jumamosi waliozoea kumletea matanga yaliyochanwa na uzembe wao.

Walianza na kubwa. Ilikuwa ya futi thelathini na sita, imepandishwa nchi kavu juu ya vigogo, na mwenyewe alikuwa amemkabidhi dalali aiuze. Tangu salamu, dalali alizungumza na Mwalimu. Fundi aliuliza mkuku, ule uti wa chini wa boti, una uzito gani; jibu likaenda kwa Mwalimu. Akauliza mlingoti una umri gani; jibu likaenda kwa Mwalimu, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua. Mwishowe Mwalimu akamwambia dalali kwa upole kwamba yeye ni abiria tu, mwenye kununua ni mkewe. Dalali akacheka, akampigapiga begani, akaendelea kumweleza yeye.

Fundi akameza hasira, akapanda ngazi. Ndani kulinukia rangi mpya. Dalali alisema chombo hicho hakijawahi kugusa mwamba wala kupata ajali, kimetunzwa kama yai. Fundi akafungua mfuko wa tanga kuu, akalikunjua kidogo, mkono ukasimama. Palikuwa na kiraka kirefu chenye mistari mitatu ya mshono, na mstari wa mwisho ulikuwa wa uzi wa buluu, kwa sababu siku ile uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Ilikuwa kazi yake. Miaka minne nyuma tanga hilo lililetwa karakana limepasuka juu hadi chini, na mwenye boti alisimama juu ya shimo lake akasimulia jinsi walivyopanda mwamba mlingoti ukakatika.

Alishuka, akatoa kisu cha kazi, akaanza kugonga tumbo la boti kwa mpini. Mlio ulikuwa mkavu, mkavu, mkavu. Alipofika karibu na mkuku ukageuka, kama anagonga godoro lililolowa.

"Mama, usijisumbue," dalali akasema. "Mambo ya ufundi nitamweleza mzee."

Labda angeondoka hivyo hivyo, maana tusi lilikuwa lake peke yake. Lakini chini ya ngazi walikuwa wamesimama mume na mke vijana, mtoto mgongoni, karatasi za mauziano mkononi. Fundi aliwageukia.

"Boti hii ilivunjika mlingoti juu ya mwamba. Tanga lake nimelishona mimi. Mkimlaza mtoto huyo humu, mjue mnamlaza juu ya kidonda kilichopakwa poda."

Yule mama kijana akazichukua karatasi mkononi mwa mumewe, akazikunja mara mbili. Wakaondoka bila kuaga.

Kesho yake bosi wa karakana alimwita. Dalali amelalamika, na dalali ndiye anayewaletea nusu ya wateja. Bosi alisema kazi yake Fundi ni kushona, si kusema, kwa hiyo aende akaombe radhi.

"Niombe radhi kwa lipi? Kwa kuutambua mshono wangu?"

Alirudi shimoni akashona kwa hasira mpaka akavunja sindano tatu. Hakwenda kuomba radhi, siku hiyo wala baadaye, na kwa mwezi mzima bosi alimpa maturubai ya kufunikia boti, kazi ya mwanafunzi. Hilo alilivumilia. Lililomkereketa ni wenzake, watu waliokuwepo siku ya uzi wa buluu, ambao sasa waliinamia cherehani zao kana kwamba wamezaliwa viziwi.

Boti aliipata mwisho wa gati, ya futi ishirini na mbili, imejaa kinyesi cha ndege. Mwenyewe, daktari wa meno mzee, alimwambia kabla hajaulizwa kwamba dirisha linavuja, usukani umelegea, na ikielekezwa upepo unakotoka huwa mbishi kama mbuzi kwenye kamba. Fundi alitaka kumkumbatia. Mwalimu aliuliza watalala wapi. Akajibiwa kwamba watalala kwao, nyumbani. Katika mashindano ya kwanza alimaliza wa tisa kati ya kumi na moja, na jioni yake hakukalika naye kwa majivuno.

Lakini ile kubwa iliuzwa. Siku moja alikuta vigogo vitupu, akaambiwa imepakwa rangi nyingine, imepewa jina jingine, imechukuliwa na mtu wa mbali. Nani, hakuna aliyetaka kumtajia. Aliiandikia ofisi ya bandari imtafute mnunuzi na kumwonya, hawakujibu. Akaandika tena, wakanyamaza tena. Barua ya tatu imeandikwa kwa mkono wa Mwalimu, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Mwalimu alishauri wapunguze ukali kidogo mwanzoni. Fundi alikataa kupunguza hata neno moja.