Kifundo cha Wankyo

Wankyo alitegua mguu Jumapili akimfukuza mbuzi. Mwaka mzima alikuwa amekimbia kwenye mawe na makorongo ya kilima cha Balili bila hata kujikwaa. Mbuzi wa jirani akaingia kwenye mihogo nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Nyasura mjini Bunda, naye akamtokea na ufagio, akakanyaga shimo ambalo mumewe, Bernado, alikuwa amechimba kutoa udongo wa kukandika ukuta. Kifundo kikalia. Alipojaribu kuinuka, mguu ulikataa.

"Shimo hilo nilikuwaga nakwambia ulifukie," alimwambia mumewe.

"Uliniambia lini?"

"Kila siku, Bernado! Kila siku ya Mungu!"

Mbio zilikuwa Jumamosi. Mwaka ule, themanini na sita, watu wa ushirika wa pamba waliziandaa kwa mara ya pili: kutoka Makoko kando ya ziwa, kupandisha hadi Butiama, kisha kuteremka Bunda kwa njia za miguu na za ng'ombe, alfajiri mpaka jioni. Marathoni ilikuwa cha mtoto. Watu walikimbia wawili wawili ili mtu asibaki peke yake vilimani, na wanawake watakaoongoza wangepata baiskeli mpya, kila mmoja yake.

Mwenzake Wankyo alikuwa Getruda, dada wa Bernado. Mwaka uliotangulia waliwaongoza wanawake wote mpaka walipoipita Butiama, halafu wakashika njia ya ng'ombe isiyo yenyewe. Walipofika Bunda, hata viti vya wageni vilikuwa vimeshaondolewa uwanjani. Tangu siku hiyo Wankyo, mama wa watoto watatu na mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, alikuwa akikimbia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na hasira ya vile viti kifuani.

Jumatatu Bernado alimpeleka zahanati. Walikaa foleni hadi mchana. Mganga akauminya mguu, akasema, "Haujavunjika. Pumzika. Bandeji hatuna; mkiipata dukani, mje tuwafunge."

Bernado alizunguka maduka yote ya Bunda. Miaka michache nyuma rafu zilikuwa tupu, watu wakifulia majani ya mpapai. Sasa vitu vilikuwa vimeanza kurudi: sabuni za rangi, kanga, mafuta ya nywele, hata marashi. Bandeji haikuwepo. Akarudi na lastiki ya kushonea sketi.

"Hii nayo nini?" Wankyo aliuliza.

"Inavutika," Bernado akasema.

Jioni akaja mama mkwe, Bibi Nyamburi, mtu aliyejulikana kwa kukanda viungo. Alichemsha maji ya chumvi, akapaka samli, akazamisha dole gumba pale penye maumivu. Wankyo akang'ata kanga.

"Usikanyage mpaka nikuambie," bibi alisema. "Mguu sio ng'ombe, mwanangu. Huwezi kuuchapa ukatembea."

Zikafuata siku za kukaa. Mguu juu ya kinu kilicholazwa, mgongo ukutani. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake: huyu majani ya mbarika, yule mkojo wa ndama, mwingine alimwambia akapigiwe ramli ajue ni nani asiyempenda. Wankyo aliitikia, "Asante, nimesikia," mpaka taya zikamuuma. Kilichomchoma zaidi ni Getruda, aliyepita kila jioni kumsalimu akitoka mazoezini, kanga imelowa jasho. Wankyo aliliangalia lile jasho kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake.

"Wewe pona tu, wifi," Getruda alisema. "Jumamosi tuko wote."

Alhamisi uvimbe ulikuwa umepungua, mfupa ukaanza kuonekana. Bernado alipotoka kwenda kazini, Wankyo alijifunga ile lastiki, akavaa raba zake za mtumba, akashika njia ya kuelekea kilima cha Balili. Alianza kwa kutembea. Akaongeza. Mguu ukakubali! Akakimbia, na kwa muda mfupi alisahau kila kitu, akawa ni pumzi tu na vumbi. Aligeuza kurudi akiwa anacheka peke yake. Kwenye mteremko jiwe likabiringika chini ya mguu uleule.

Mwanamke aliyekuwa akipeleka maziwa mjini ndiye aliyemsaidia kuchechemea mpaka nyumbani. Adhuhuri kifundo kilikuwa kama papai.

Bibi Nyamburi alikuja, akautazama mguu, akaanza kukanda. Jua likielekea kuzama, Getruda akaingia.

"Nani alikwambia ukimbie?"

"Nilitaka kujua."

"Ungeningoja kesho tukajua wote." Getruda alikaa kwenye kigoda, akaangalia chini. "Wifi, nitakimbia na Jenoveva."

Jenoveva alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya pale Nyasura, na mwaka uliopita aliwacheka mbele ya watu kwa kupotea njia.

"Jenoveva? Aliyetucheka?"

"Ana miguu miwili, wifi."

"Umemwambia lini?"

"Jumatatu. Nilimwambia akae tayari tu."

"Jumatatu! Na kila jioni unaniambia tuko wote?"

"Usimgombeze," Bibi Nyamburi alisema bila kuinua kichwa. "Ni mimi niliyemtuma. Nilivyoushika mguu Jumatatu, nilijua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungekubali?"

Wankyo aligeukia ukuta. Hakuwaaga walipotoka. Getruda alikuwa ameshafika uani ndipo Wankyo alipomwita kwa sauti ya ugomvi, "Ukiipita Butiama, pale kwenye mti uliopigwa radi, shika kushoto! Kushoto, unasikia? Kulia ndiko tulikopotelea!"

"Nimesikia, wifi."

Jumamosi aliapa hatatoka nje. Saa kumi jioni, ngoma ziliposikika uwanjani, alimwambia Bernado amtafutie fimbo. Alisimama nyuma ya watu. Wanawake wa kwanza kuingia walikuwa wawili kutoka Bweri. Getruda na Jenoveva waliwafuata karibu kabisa, Jenoveva akimvuta mwenzake mkono. Baiskeli zikaenda Bweri; wao walipewa blanketi.

Wankyo alichechemea mpaka pale Getruda alipojitupa kwenye nyasi, vidole vya miguu vikivuja damu. Alikuwa amejiandaa kumpongeza. Maneno yaliyomtoka yakawa mengine.

"Tungekuwa wa kwanza."

Getruda alifumba macho. "Labda."

Neno hilo lilimkaa Wankyo miezi mingi. Alikuwa akiligeuza kiwandani, akichambua uchafu kwenye pamba, na kila alivyoligeuza lilimuudhi upya. Mwaka uliofuata mbio hazikufanyika. Ilisemekana hakuna mafuta ya gari la kuwafuata wakimbiaji. Mwaka wa pili zilifanyika, lakini Wankyo alikuwa mjamzito. Baada ya hapo ushirika wenyewe ukayumba, hata fedha za pamba wakulima wakawa wanazisubiri kwa msimu mzima, na hakuna aliyezitaja mbio tena.

Mtoto alipoachishwa ziwa, Wankyo alimfuata Getruda jikoni kwake. "Twende Makoko," alisema. "Mimi na wewe."

Walienda. Hapakuwa na filimbi, wala mtu wa kuwapa maji. Walibishana njiani juu ya mwendo, wakanuniana kipande kizima kabla ya Butiama. Kwenye kisima kimoja cha njiani mwanamke aliacha kuteka, akawatazama walivyolowa jasho.

"Kwani mnamkimbia nani?"

"Hatumkimbii mtu, dada," Getruda alisema. "Tunaomba maji."

Kifundo kilianza kumuuma Wankyo wakiteremka, naye hakusema. Waliingia Bunda giza likiwa limeshaanza kushika, wakapitiliza uwanja mtupu bila kusimama, kila mmoja akamwambia mwenzake alale salama. Wankyo alifika kwake, akamkuta Bernado ameshapika ugali na dagaa, akala kila kitu kilichokuwepo. Hasira nayo, alisema baadaye, haikuisha yote siku ile. Ilipungua tu.